Daktari wa Alhamisi

Hakuwa daktari. Jambo hilo alilisema mwenyewe mbele ya kila mgeni, tena kwa ukali, kana kwamba tumemtukana: "Mimi si daktari. Mimi ni mtu wa josho." Mgeni akishaondoka tuliendelea kumwita Ndagitari, jinsi watu wa kwetu tunavyolitamka neno hilo, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa kuogesha ng'ombe wa vilima vyetu, kusini mwa Nkubu, kila Alhamisi asubuhi, ili kupe wafe kabla hawajawapa ng'ombe ugonjwa wa ndigana. Alikuwa ametoka Embu na sanduku la bati na kofia moja, akapanga chumba nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Kwao hasa ni wapi na watu wake ni akina nani, sijui. Aliyemuuliza mambo hayo alijibiwa habari za kupe, kwa kirefu, mpaka akajuta kuuliza.

Nataka kumweleza kwa haki, maana nilimpenda. Lakini mama yangu aliishi miaka sita akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua ng'ombe wake wa pekee. Aliyemwambia hivyo ni Ndagitari. Niliyejua kwamba si kweli na nikanyamaza ni mimi.

Alinuka dawa. Si dawa ya hospitali, bali ile ya josho, harufu inayokaa kooni mpaka jioni. Ilikuwa kwenye koti lake, kwenye kofia yake, hata kwenye noti alizotoa sadaka. Kanisani aliketi peke yake kwenye benchi la dirishani. Akina mama walisema wamemweka pale kwa sababu ya harufu. Yeye alisema amejiweka pale ili aone mawingu yakiteremka kutoka mlimani, na kweli, padri akiwa katikati ya mahubiri, ungemwona Ndagitari akichungulia nje na kuhesabu kitu kwenye vidole.

Akiwa na ng'ombe aliongea Kiembu, kwa sauti ya chini ya kubembeleza. Na watu aliongea Kiswahili, kwa kufoka. "Wewe mama, hii ng'ombe yako mbona unaivuta kama gunia? Iachie kamba! Inajua njia kuliko wewe." Mwenye ng'ombe angenuna, ng'ombe angetulia, na safu ingesonga mbele. Josho lenyewe lilikuwa shimo refu la saruji lililojaa maji ya dawa. Ng'ombe aliingia kwa kuruka upande mmoja, akazama mpaka pembe, akaogelea, akatokea upande wa pili akitiririka. Ndagitari alisimama ukingoni na mti wenye panda, na ng'ombe asiyezamisha kichwa vizuri alisukumwa kwa huo mti, kwa upole, mpaka masikio yalowe. "Sikio ndiyo nyumba yake," alikuwa akisema, akimaanisha kupe. "Ukiosha mgongo ukaacha sikio, umefanya nini? Umeosha mgongo."

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kufuga ng'ombe. Hakunywa hata maziwa. Nyumbani kwa mtu, chai ikiletwa, alisema kwanza, kabla ya salamu kuisha: "Yangu iwe ya rangi." Tulimchekelea sana kwa hilo. Mama alisema mwanamume asiyekunywa maziwa ana siri, kisha akamchemshia chai ya rangi kwa sufuria yake peke yake, kila alipokuja, bila kusahau hata mara moja.

Kitu kingine alichochukia, zaidi ya kupe pengine, ni kupoteza. Kamba ya gunia aliifungua kwa meno asiikate. Barua alizoletewa alizigeuza, akaandika upande wa nyuma. Kiberiti chake kilikuwa na njiti zilizopasuliwa katikati kwa wembe, zikawa mbili mbili. Mwaka ambao kazi ya kununua dawa ya josho iliachiwa wakulima wenyewe, ugonjwa wake huo ulizidi. Kamati yetu ya josho iliponunua kopo la kwanza alilibeba kifuani kutoka barabarani, na lilipoisha alilisuuza mara tatu, maji yote akayarudisha kwenye tangi, yaani lile shimo la kuogeshea.

Hapa lazima nieleze kitu kimoja cha josho, maana bila hicho hamtaelewa kilichotupata. Ng'ombe wakishatoka majini walisimama kwenye zizi la saruji ili wakauke. Dawa iliyowadondoka ilitiririka kwenye sakafu hadi kwenye tundu, ikarudi kwenye tangi. Lakini matundu yalikuwa mawili. La pili lilipeleka maji nje, kwenye majani. Siku ya kuogesha unaziba la nje. Ng'ombe wakishaondoka unakihamisha kizibo, unaziba la tangi, ili mvua ikinyesha juu ya sakafu ile pana maji yaende nje. Miaka yote ya dawa ya serikali Ndagitari alikihamisha kizibo kila Alhamisi mchana, bila kukosa. Dawa ilipokuwa ya kununuliwa na akina mama wa kwetu, akaacha.

"Hiyo sakafu bado iko na dawa," alituambia siku moja, akiionyesha kwa kofia. "Wewe unaona imekauka. Mvua ikiosha, hiyo dawa inarudi nyumbani. Kwa nini niitupe kwa majani? Majani iko na kupe ya nani?"

Tukamsifu. Mwenyekiti wa kamati alimsifu mkutanoni, akasema laiti viongozi wote wangekuwa na uchungu wa mali ya watu kama mtu huyu. Ndagitari aliinamisha kichwa kwa aibu na furaha. Hakuna aliyekitazama kile kizibo tena, si mwenyekiti, si yeye.

Alikuwa na daftari mbili. Ya kwanza ilikuwa ya majina: kila boma, idadi ya ng'ombe, na alama kwa kila Alhamisi waliyoletwa. Asiyeleta aliwekewa duara, na duara hilo lilikufuata. Ungekutana naye sokoni umevaa nguo za Jumapili, angekuambia mbele ya watu, "Wewe uko na duara mbili." Ya pili ilikuwa ya wagonjwa. Kila ng'ombe aliyeugua ndigana katika vilima vyetu aliandikwa humo, mwezi na wiki, aliyepona na aliyekufa, na pembeni Ndagitari aliandika mvua, na kina cha maji kwenye josho kama fimbo yake ilivyosema, na dawa aliyoongeza. Hakuna aliyemwagiza kuandika haya yote. Aliandika kwa sababu aliamini ugonjwa una ratiba kama ya basi, na mtu akiijua atausubiri stendi.

"Mvua ikipiga wiki mbili, nyasi inatoa kichwa," alinifundisha. "Kupe mkubwa anapanda hiyo nyasi, anangoja sikio. Sasa hesabu wiki tatu. Hapo ndiyo utasikia mtu anabisha mlango kwangu." Na walibisha kweli. Novemba na Desemba, kisha tena Aprili na Mei, alikuwa na macho mekundu ya kutolala. Kiangazi alinenepa kidogo.

Neno lake kwa yote hayo lilikuwa moja: "Ni msimu." Mwanzoni alilisema kwa ndigana tu. Baadaye alilisema kwa kila kitu. Mwalimu amehamishwa, ni msimu. Bei ya kahawa imeanguka, ni msimu. Jirani amerudishwa kwao na mume wake, Ndagitari anapuliza chai yake ya rangi na kusema, "Ni msimu, atarudi." Tulimwiga, tukacheka, tukaanza kulisema wenyewe bila kucheka.

Lakini si kwa kila mtu ndigana ilikuwa msimu. Ukiwa na duara kwenye daftari, ilikuwa kosa lako.

Ng'ombe wa Mama aliitwa Makena. Alikuwa wa gredi, mbegu ya kizungu, mweusi mwenye baka jeupe pajani, na maziwa yake ndiyo yaliyonivusha sekondari. Mama alimpeleka josho kila Alhamisi kwa miaka minne, akimtembeza polepole kama bibi harusi. Kisha, mwezi wa kumi na moja wa mwaka niliomaliza kidato cha nne, dada yake mkubwa akafariki huko Mbeere, kwenye nchi ya chini yenye joto, alikokuwa ameolewa. Dada huyo ndiye aliyemlea Mama. Mazishi yaliwekwa Alhamisi. Nilikuwa na mtihani, hapakuwa na wa kumpeleka ng'ombe, na Mama akaenda kuzika.

Wiki iliyofuata Makena alifika josho kama kawaida. Wiki iliyofuata hiyo akaacha kula. Macho yalimtoka machozi, na chini ya sikio ukimgusa ulikuta tezi limevimba kama yai. Mama alituma mtu Nkubu kutafuta sindano ya ndigana, na sindano ilifika siku ya pili mchana, Makena akiwa amelala, anapumua kwa mdomo, povu likimtoka puani. Ndagitari alikuwa amepiga magoti kando yake tangu asubuhi. Alimwongelesha Kiembu mpaka mwisho. Kisha akasimama, akafuta mikono, akafungua daftari ya kwanza mbele ya majirani wote waliokuwa wamejaa bomani.

"Mama Kananu, hapa kuna duara."

"Nilienda kuzika dada yangu, Ndagitari. Kule Mbeere. Si nilikuambia?"

"Uliniambia. Lakini kupe haikuambiwa." Alisema hivyo kwa huzuni, si kwa kejeli, na hilo ndilo lililoumiza zaidi. "Alhamisi moja, Mama. Miaka minne umefanya kazi safi, halafu Alhamisi moja. Hiyo moja ndiyo imeua hii ng'ombe."

Mama hakulia pale. Aliinama akafungua kamba shingoni mwa Makena, akaikunja vizuri, akaingia nayo ndani.

Tangu siku hiyo Mama alianza kusema "kama singeenda." Alisema akichambua maharagwe, alisema akifua. Hakusema kama singeenda wapi. Jina la dada yake likatoka nyumbani kwetu. Mimi nilidhani ni majonzi ya kawaida na yatapita. Sikuelewa kwamba alikuwa amepima vitu viwili, maiti ya dada yake na uhai wa ng'ombe, na kwamba mtu aliyemheshimu amemwambia alichagua vibaya.

Januari ile, nikiwa nyumbani nangoja matokeo, mkubwa mmoja wa mifugo aliagiza kutoka Embu aonyeshwe jinsi ndigana inavyopanda na kushuka mwaka mzima katika vilima vyetu. Ndagitari alikuja na daftari ya pili kifuani na karatasi ya grafu iliyokunjwa mara nne. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, wangu mzuri. "Wewe umesoma," alisema. "Nichoree. Usipoteze karatasi, iko moja na nusu."

Mama aliondoa vikombe mezani, akafuta meza kwa aproni yake, akanipa nafasi. "Chora vizuri," alisema. "Watu wengine wasipoteze ng'ombe."

Nilikuwa na kalamu mbili, nyekundu na bluu, na kusema kweli nilizitumia zote kwa sababu nilikuwa nazo. Nyekundu nikachora wagonjwa, mwezi kwa mwezi, miaka yote ya daftari. Bluu nikachora dawa iliyoongezwa kwenye josho. Ilinichukua siku mbili. Miaka ya kwanza nyekundu ilipanda kidogo baada ya mvua, kichuguu tu, na bluu ilikwenda sambamba miezi yote. Kisha ukaja ule mwaka wa kamati. Tangu hapo, kila mvua ilipoanza, bluu ilikatika kabisa, na mahali ilipokatika nyekundu ilipanda kama Mlima Kenya. Kiangazi bluu ilirudi, nyekundu ikashuka.

Nilimwonyesha nikiwa na furaha ya mtu aliyechora kitu kizuri. Aliitazama muda mrefu, akaiweka mbali na macho, akaileta karibu.

"Bluu hapa imeenda wapi?"

"Hukuandika kitu, Ndagitari. Umeandika tangi imejaa."

"Fimbo ilisema imejaa."

"Ndiyo. Kwa hivyo hukuongeza."

Alivaa kofia akatoka. Alikuwa ameacha karatasi, nikamfuata nayo. Nilimkuta josho, kumekauka, hakuna mtu. Alichota ndoo ya maji pale ng'ombe wanapooshea kwato, akaimwaga juu ya sakafu ya zizi la kukaushia. Maji yalikimbia yote, kwa haraka, yakaingia kwenye tangi. Akachota nyingine, akamwaga. Yakaingia kwenye tangi. Alisimama na ndoo tupu mkononi, nami nikaona alichokiona. Mvua zote za miaka ile, juu ya sakafu pana kama ile, zilikuwa zimeingia humo. Zilijaza tangi, fimbo ikasema limejaa, naye hakuongeza dawa. Miezi ya kupe wengi ndiyo miezi tuliyoogesha ng'ombe kwa maji matupu. Hata Makena angeletwa Alhamisi ile, angekuwa ameoga mvua tu.

Akapiga magoti, akang'oa kizibo, akakitia kwenye tundu la tangi. Kilikuwa kimeshikwa na kutu ya miaka, kikamchubua vidole.

"Kananu."

"Naam."

"Hiyo karatasi, chora ingine. Weka nyekundu peke yake."

"Na bluu?"

"Hao wa Embu wameuliza ng'ombe. Hawajauliza dawa." Hakunitazama. "Mvua ya Machi haitapata hii shimo hivi. Haki ya Mungu."

Nilikuwa na swali moja mdomoni, nalo lilikuwa la Mama. Nikalimeza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwahi kuombwa siri na mtu mzima. Nilichora nyingine, kwenye ile nusu ya karatasi, nyekundu peke yake, nikaandika chini yake kwa herufi zangu nzuri: Ndigana huongezeka baada ya mvua. Kila neno hapo ni kweli.

Ile yenye bluu aliichukua yeye. Sijui kama aliichoma. Siamini aliichoma, karatasi nzima.

Haki yake nimpe. Alihangaika na kamati mpaka tangi likatolewa maji yote na kujazwa upya, akisema limechafuka. Mvua ya Machi ilikuja, na mlango wake haukubishwa kama zamani. Ng'ombe wa watu walipona kwa sababu yake, na watu walimshukuru, naye kila aliposhukuriwa alikuwa na kazi mahali pengine. Akaacha pia kusema ni msimu. Tuliobaki tukilisema ni sisi.

Na Mama? Mama alimpenda zaidi. "Yule mtu aliniambia ukweli usoni," alikuwa akisema. "Wengine wangenipaka mafuta." Kila ndizi zilipoiva shambani alinituma na mkungu nimpelekee. Ndagitari aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauweka juu ya ukuta wa josho. Wiki iliyofuata ningepita niukute pale pale, ndizi nyeusi, nyuki wamejaa. Mtu aliyepasua njiti ya kiberiti mara mbili! Ni kitu pekee nilichowahi kumwona akikipoteza, na alikipoteza kila msimu wa ndizi.

Yule mkubwa wa Embu aliuliza ni nani amechora vizuri namna ile, na Ndagitari akataja jina langu. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya ukarani. Nilipanga chumba Majimbo, mtaa wa pale Embu mjini, nikanunua viatu vya ofisini, na asubuhi ya kwanza nilipoingia kazini niliikuta ukutani, imebandikwa juu ya kabati la mafaili, vilima vyekundu na mwandiko wangu. Nilikaa chini ya karatasi ile kwa miaka. Wageni walipouliza, niliwaeleza: mvua, nyasi, wiki tatu. Nilieleza vizuri sana.

Nilikuwa nikienda nyumbani mwisho wa mwezi, na kila mara nilijiambia mwezi huu nitamwambia Mama. Kisha namkuta amenichemshia viazi, ananiuliza habari za ofisi, anajivuna kwa majirani. Nikimwambia, nitamwambia pia kazi yangu imetoka wapi. Dada zake wengine walipoalikwa Mbeere kuweka msalaba wa saruji kaburini kwa marehemu, Mama alisema mgongo unamuuma. Mgongo wake ulikuwa mzima. Nilikuwepo, nikamsaidia kusema mgongo unamuuma.

Miaka ilikuwa inaelekea kwisha, ile ya tisini, nilipokutana na Ndagitari mara ya mwisho. Josho letu lilikuwa limefungwa. Kamati ilikuwa imesambaratika, na kila mtu alijinyunyizia ng'ombe wake nyumbani kwa bomba la mgongoni. Nilishuka Nkubu Jumamosi moja nikamkuta barazani mwa duka la vifaa, ameketi kwenye kopo, anatengeneza hayo mabomba. Kofia ilikuwa ile ile. Harufu ilikuwa ile ile.

"Kananu! Umekuwa mkubwa wa Embu."

"Na wewe umekuwa fundi, Ndagitari."

"Mtu akifungiwa shimo atafanya nini." Aliendelea kukaza nati. "Mama anafuga?"

"Mbuzi wawili."

"Ng'ombe?"

"Alikataa. Anasema mkono wake si wa ng'ombe."

Akaweka spana chini. "Na kwa dada yake anaenda?"

"Hajawahi. Tangu mazishi."

Mteja mmoja akaja, akangoja, akaondoka. "Ndizi zilipokuwa zinakuja," alisema Ndagitari, "nilijua hujamwambia."

"Nilikuwa nangoja wewe."

"Na mimi nilikuwa nangoja wewe," alisema, kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Huo ni uongo. Sikuwa nangoja mtu."

Alinawa mikono kwa sabuni ya kipande, mara mbili, akamwachia mwenye duka vyombo vyake. Tulipanda kilima pamoja.

Mama alifurahi kumwona kiasi cha kunitia aibu. Alikimbilia jikoni, na chai ilipokuja ya mgeni ilikuwa ya rangi, imechemshwa kwa sufuria yake peke yake, kama zamani. Ndagitari alivua kofia. Hakuigusa chai.

"Mama Kananu. Ile Alhamisi yako haikuua ng'ombe."

Mama alidhani anamfariji. "Wacha, Ndagitari. Hiyo imepita."

"Haikuua. Maji ya josho ilikuwa haina dawa. Niliacha mvua ikaingia, miaka mingi, mimi mwenyewe, nikifikiri naokoa dawa. Ungeleta ng'ombe hiyo siku ingekufa tu. Ulikuwa na haki ya kuzika dada yako."

Mama aliketi. Alilainisha aproni magotini, akailainisha tena.

"Ulijua lini?"

"Hiyo Januari."

"Januari ya mwaka ule ule?"

"Ndiyo, Mama."

"Ulijuaje?"

Ndagitari alitazama kikombe chake. Alikuwa amekuja kusema kosa lake na alilisema lote, lakini hapa akanyamaza, na nikaelewa kwamba ananificha. Mama alimwangalia. Kisha akaiangalia meza, akapitisha kiganja juu yake polepole, kama siku ile alipoifuta ili nipate nafasi.

"Ni ile karatasi," alisema. Akanigeukia. "Ile ulichora hapa."

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Hakuuliza lingine. Alimwambia Ndagitari amefanya vizuri kuja, anywe chai isipoe, naye akainywa yote, imekwisha poa. Mama alimsindikiza hadi langoni kama inavyompasa mwenye nyumba. Aliporudi alikusanya vikombe, chake na cha mgeni, akaviosha. Changu alikiacha mezani.

Asubuhi nilimkuta amevaa lile shali la mazishi, ana mkungu mdogo wa ndizi kwenye kikapu. Alisema anakwenda Mbeere.

"Ngoja nivae viatu, Mama. Twende."

"Wewe baki," alisema, bila hasira yoyote. "Mbuzi hawajakatiwa majani."

Akatoka, akafunga lango kwa nje, akaanza kuteremka kwenda barabarani.